Beseni Kichwani, Mtoto Mgongoni

Mzee Obiero alitengeneza baiskeli kwenye kibanda cha mabati pale Otonglo, mahali mabasi ya Busia yaliposimama, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna mtu aliyepanda wala kushuka bila yeye kumwona. Jambo hilo alilijua mwenyewe na alilipenda sana. Kwa hiyo Jumatatu ile ya Agosti 1971, Inspekta Enos Khaemba alipomjia saa mbili na nusu asubuhi na daftari mkononi, mzee hakuinua hata kichwa kutoka kwenye tairi lake.

"Mimi nilishasema yote jana," alisema. "Nilisemea konstebo. Akaandika."

"Konstebo aliandika mistari minne, Mzee. Mimi nataka arobaini."

Obiero akacheka, akafuta mikono kwa kitambaa cheusi cha mafuta, akamsogezea mgeni kigogo cha kukalia. Khaemba hakukaa. Alikuwa mtu wa kuchukua maelezo akiwa amesimama, viatu vimeng'aa, na Kiswahili chake alikuwa amekitoa chuo cha polisi Kiganjo kikiwa kimenyooka hivyo hivyo.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Jumapili, watu wakiwa ibadani, mtoto mchanga wa miezi kumi aliyeitwa Tom alichukuliwa kutoka Nyumba ya Watoto ya Betania, kilomita moja hivi kutoka hapo kuelekea ziwani. Aliyeachwa kuwaangalia watoto wachanga siku hiyo alikuwa Magdalene Wamucii, mwanafunzi wa uuguzi, mmoja wa vijana kumi na wawili wa kanisa moja la Murang'a waliokuja kujitolea kwa mwezi mzima: kujenga bweni, kufua, kupika na kufundisha nyimbo. Mzee Obiero alisema alimwona mmoja wa wageni hao akipanda basi na mtoto mgongoni. Jioni ile ile Wamucii akawekwa mahabusu. Kesho yake, Jumanne, angepelekwa mbele ya hakimu, na mwuguzi aliyeshtakiwa kwa kuiba mtoto hawezi kurudi wodini. Wazee wa kanisa la Otonglo nao walikuwa wamesema wageni wote wapande treni ya Jumanne warudi kwao, na walilisema kwa sauti ambayo Khaemba hakuipenda. Miaka hiyo mtu wa Kisumu na mtu wa Murang'a walikuwa wakiangaliana kwa pembe ya jicho, na kesi ya mtoto aliyepotea ingeweza kuwasha moto ambao kituo kizima kisingeuzima.

"Ulimwona saa ngapi?"

"Saa tano. Basi ya kuenda Kisumu ilikuwa inapiga honi. Huyo msichana anakuja mbio kidogo. Ile mbio ya mtu hataki kuonekana anakimbia."

"Uso uliuona?"

"Uso nitaona saa ngapi, Bwana Inspekta? Niliona kitambaa ya kichwa. Ya buluu, na ule msalaba nyeupe imeshonwa hapa mbele. Hiyo ni ya wageni wa Murang'a, hata mbwa ya hapa inajua."

"Mtoto alikuwa wapi?"

"Mgongoni. Amefungwa na leso."

"Na mizigo?"

"Beseni. Kichwani. Ndani iko blanketi nyekundu imekunjwa, na kikombe."

Khaemba aliandika, kisha kalamu ikasimama. "Alilishika beseni?"

"Kulishika na nini? Mkono moja iko nyuma inashika nyathi, huyo mtoto, hiyo ingine inasimamisha basi. Beseni imekaa yenyewe. Kondakta akamwambia toa hiyo kitu. Hakutoa. Alikunja magoti hivi, akapanda ngazi, akaingia nayo." Obiero aliinuka kuonyesha, mzee wa miaka sitini na tano, mgongo wima, magoti yamekunjwa, na wauza samaki waliokuwa karibu wakampigia makofi.

"Mtoto alikuwa amelala?"

"Kulala! Alilia mpaka nikapoteza spana. Alilia kama mtu ameibiwa. Na si alikuwa ameibiwa?"

Inspekta alipiga mistari miwili chini ya maneno mawili: beseni, na kulia. Akamshukuru mzee kwa mkono, akaingia Landrova, kiti cha mbele kando ya dereva.

Mlinzi akawafungulia geti. Betania ilikuwa nyumba ndefu ya mawe yenye paa jekundu, na kando yake kuta za bweni jipya zilizofika kiunoni. Siku hiyo hakuna aliyekuwa akijenga. Vijana wa Murang'a walikaa juu ya mbao zao wamejiinamia, wasichana wamevaa vitambaa vya buluu, na watoto wa pale walikuwa wamekatazwa kuwakaribia. Mlangoni alisimama Mama Dorca, msimamizi wa nyumba, mjane mnene mwenye funguo kiunoni.

"Inspekta," alisema kabla ya salamu, "hii nyumba nimeishika miaka kumi na tisa. Watoto mia mbili na zaidi wamepita mikononi mwangu. Wengine ni walimu. Mmoja ni dereva wa treni. Sijawahi kupoteza hata mmoja. Hata mmoja! Na leo watu wa Otonglo wananiangalia kama mtu ameacha mlango wazi."

"Ndiyo maana nimekuja mapema, Mama."

Alimpeleka ofisini. Karatasi za Tom zilikuwa tayari mezani, zimepangwa kwa unadhifu uliomfurahisha Khaemba moyoni. Mtoto aliletwa mwezi wa pili na baba yake mdogo, Walter, mkata miwa wa Muhoroni. Baba alikufa kwa kuangukiwa na trela la miwa. Mama, aliyeitwa Apiyo, naye akafuata kwa ugonjwa wa kifua. Hayo yote yalikuwa katika barua iliyotiwa mhuri wa chifu.

"Aliyeandika barua hii aliiona maiti ya mama?"

"Aliandika alivyoambiwa na Walter. Walter ni ndugu ya marehemu. Nani anajua zaidi yake?"

"Kuna mtu yeyote aliyekuja kumwuliza Tom siku hizi?"

Mama Dorca alipungia mkono hewani kana kwamba anafukuza nzi. "Wanakuja wengi. Alhamisi alikuja mmoja, mwembamba hivi, anasema yeye ndiye mama ya Tom. Nikamwambia mama ya Tom amekufa, karatasi iko. Akaanza kulia pale getini. Nikamwambia alete barua ya chifu. Siwezi kupeana mtoto kwa machozi, Inspekta. Machozi kila mtu anayo."

"Alikuwa amebeba nini?"

"Sikuangalia. Unauliza huyo wa nini? Mwizi unaye ndani. Wewe mwenyewe nenda ukasome ukutani, utaona huyo msichana anaweza nini."

Ukutani, katika chumba cha kulia, palikuwa na ubao wa matangazo, na katikati ya ubao ilibandikwa nakala ya ripoti iliyotumwa kanisani Murang'a. Mwandiko ulikuwa wa mtu anayependa mwandiko wake. Khaemba alisoma habari za matofali elfu mbili na nyimbo kumi na nne, hadi akafika kwenye mstari aliotumwa kuusoma: Dada yetu Magdalene sasa anabeba ndoo ya maji kichwani kama binti aliyezaliwa ziwani, wala haishiki kwa mkono, na wenyeji wanastaajabu. Chini yake palibandikwa picha. Msichana mrefu, kitambaa cha kichwa, ndoo juu, mikono imeachiwa pembeni, tabasamu mpaka masikioni.

Ilikuwa pigo. Ile mistari miwili ya daftarini, aliyotoka nayo Otonglo akijiona amepata kitu, sasa ilikuwa inamfunga Wamucii badala ya kumfungua. Kwa sababu Khaemba aliwahi kufanya kazi Nyeri miaka miwili, na kule hakuona mwanamke hata mmoja aliyebeba mzigo kichwani. Kule mzigo hukaa mgongoni, na mkanda hupita kwenye paji la uso. Alikuwa amekuja akitaraji kusema kwamba aliyepanda basi ni mwenyeji wa ziwani. Na hapa palikuwa na ripoti, na picha.

Lakini alikuwa mtu wa kuuliza swali la pili. Akamwita kiongozi wa wageni, Hiram Chege, mwalimu wa useremala, kijana mwenye ndevu chache na Biblia kwapani.

"Ripoti hii umeandika wewe?"

"Ni mimi, Afande." Mbele ya mashaka yote yale bado alinyoosha mabega kidogo. "Imesomwa kanisani kwetu mara mbili. Mara ya pili wakaomba wenyewe."

"Na picha?"

"Nilipiga mimi."

"Ndoo ilikuwa na maji kiasi gani?"

Chege akatazama viatu vyake. "Afande, ile ni picha ya kutia moyo waumini."

"Nimeuliza maji."

"Haikuwa na maji."

Nje, mtoto mmoja alikuwa akiimba na kunyamazishwa.

"Ulishawahi kumwona kwa macho yako akipanda kutoka ziwani na ndoo imejaa, kichwani?"

"Sijaona. Lakini maji yanafika! Kila alfajiri pipa la jikoni limejaa, na zamu ni yake. Mimi nikasema, kama pipa limejaa, basi amejua."

Khaemba alitoka kwa mlango wa jikoni. Njia ya ziwani ilishuka kati ya mitama, pana, imekanyagwa. Hakuifuata. Alizunguka nyuma ya jiko, akainama kwenye rundo la kuni, akatazama nyuma ya tangi, akasogeza gunia. Chini ya gunia alikuta debe la lita ishirini lenye mfuniko wa mbao, na kuzunguka debe mkanda wa katani, umesukwa kwa mkono, mwembamba pembeni na mpana katikati, pale pa kukaa kwenye paji la uso. Ulikuwa ungali na unyevu. Katika nyuzi zake zilinasa nywele tatu au nne.

"Huu ni wa kwetu," Chege alisema taratibu nyuma yake. "Mama yangu anao kama huo."

"Kwa nini ameuficha?"

Mwalimu wa useremala alijibu bila kumtazama. "Kwa sababu yangu, Afande. Nimeshamwandika kwamba anabeba kichwani. Angenipinga vipi mbele ya kanisa zima?"

Kituoni, Magdalene Wamucii alitolewa mahabusu saa sita mchana. Hakuwa amelala, gauni lake lilikuwa na vumbi la sakafu, lakini alisimama mbele ya meza kama mtu aliyekuja kukagua wodi. Alikuwa bila kitambaa. Kwenye paji lake la uso, chini kidogo ya nywele, ulipita mfereji mwembamba ambao mtu asiyejua angeudhani kunyanzi.

"Kitambaa chako kiko wapi?"

"Sinacho."

"Nani anacho?"

Hakujibu. Hakujibu usiku, hakujibu asubuhi, na ndiyo maana konstebo alikuwa ameandika katika ripoti yake kwamba mshukiwa ana kiburi.

"Kuna ndoo pale bombani," Khaemba alisema. "Imejaa. Nataka uibebe kichwani mpaka kwenye mlingoti wa bendera."

"Sitacheza mchezo mbele ya askari."

"Kesho hakimu akikuambia hivyo hivyo, utamjibu nini?"

Msichana alikaza taya. Kisha akatoka nje kwenye jua, akajitwika. Hatua ya kwanza maji yalimwagika begani. Ya pili akashika kwa mikono yote miwili. Ya tano shingo ilipinda, ndoo ikaenda upande, na alipofika kwenye mlingoti alikuwa ameloa hadi kwenye soksi. Konstebo mmoja aliangua kicheko, na Inspekta akamgeukia kwa jicho lililomrudisha ndani mara moja.

Wamucii alitua ndoo, akajifuta uso, akasema jambo ambalo Khaemba hakulitarajia kwa mtu aliye hatarini. "Afande, huenda ninajifanya sijui. Usinifungue kwa hilo tu."

"Mtu anayejifanya leo hafichi mkanda wa katani nyuma ya jiko wiki tatu kabla ya kosa. Nimeuona. Umeusuka vizuri."

Hapo ndipo alipoinamisha kichwa kwa mara ya kwanza. Maji yalikuwa yakichuruzika bado. "Niliona aibu," alisema. "Watoto wadogo wa pale wanabeba na mimi siwezi. Halafu mwalimu akaandika ile barua, na mama yangu aliposikia ikisomwa akasimama kanisani akapiga vigelegele. Ningemwambia nini?"

"Tom hulia ukimbeba?"

"Tom?" Kichwa kiliinuka haraka. "Hata siku moja! Akilia kwa mwingine, ananyamaza kwangu. Kwangu na kwa Mama Dorca."

"Jana alilia mpaka ndani ya basi. Aliyembeba ni mtu asiyemjua. Ni mwanamke wa huku, amezoea beseni kichwani tangu utotoni. Ana blanketi jekundu lililokunjwa na kikombe, vitu vya mtu aliyetoka kulazwa hospitali si muda mrefu. Alhamisi mwanamke mwembamba alikuja getini akasema Tom ni wake. Jumapili alirudi. Mlinzi wa geti hamsimamishi mwanamke mwenye kitambaa cha buluu, na wewe leo huna kitambaa." Khaemba alifunga daftari. "Mtu haibi kitambaa kichwani mwa mtu. Ulimpa."

Wamucii akakamua maji kwenye upindo wa gauni lake.

"Nitampata, Dada. Ukiniambia, nitakwenda na gari moja na konstebo mmoja. Usiponiambia, nitawauliza makondakta, na kufikia jioni Otonglo nzima itakuwa inamtafuta pamoja nami. Hao sitawaweza."

Msichana aliitazama bendera. "Nilisoma kadi yake," alisema. "Kadi ya hospitali. Mimi ninajua kuisoma. Alilazwa miezi sita kwa kifua kikuu, amepona, makohozi safi mara tatu. Jina la mtoto limeandikwa, tarehe ya kuzaliwa imeandikwa, hata kovu la mguuni alinitajia kabla hajamwona. Nilikuwa pale getini siku ya Alhamisi, Afande. Nilimwona akifukuzwa. Mimi nilitoka kwetu kuja kuwasaidia watoto yatima, na yule si yatima. Nilimwapia sitasema mpaka afike kwa mama yake. Ukinifunga, nifunge. Sijutii." Kidevu kilikuwa juu. "Ila sharti moja. Nenda na Mama Dorca. Amwone kwa macho yake."

"Ni wapi?"

"Pap Onditi."

Kwa sheria, mwanamke aliyemchukua mtoto kutoka nyumba iliyokabidhiwa mtoto huyo, tena kwa kujificha, alikuwa amekosa, na aliyempa kitambaa alikuwa amemsaidia. Mlalamikaji alikuwa mmoja tu, Mama Dorca. Akishika malalamiko yake, Khaemba angewapeleka wote wawili mahakamani na mtoto angerudishwa Betania. Inspekta alimweleza hayo ndani ya Landrova, bila kupamba. Mama Dorca alishika funguo zake kutoka Kisumu mpaka Ahero, na walipoacha lami na kuingia vumbi la Nyakach alisema tu, "Huyo msichana amenitia aibu nyumbani kwangu."

Sauti ya mtoto waliisikia kabla ya kuiona nyumba. Ilikuwa imekauka kwa kulia. Apiyo alikuwa amekaa mlangoni mwa mama yake, mwembamba, mashavu yameingia ndani, bakuli la uji mkononi, na Tom alikuwa akijipinda magotini pake akikataa kijiko. Alipoiona Landrova hakukimbia. Alisimama, akamkumbatia mtoto kwa nguvu.

"Mimi ni Inspekta Khaemba. Kadi yako ya hospitali unayo?"

Aliitoa kifuani. Khaemba aliisoma mstari kwa mstari, kisha akainama, akageuza mguu wa kushoto wa mtoto. Kovu lilikuwepo. Akampa Mama Dorca kadi. Naye aliisoma, na macho yake yalirudi juu akaanza upya.

"Kwa nini Walter alisema umekufa?" Inspekta aliuliza.

"Mume wangu alipokufa yeye alitaka kunirithi. Nikakataa. Akasema mwanamke amekataa kurithiwa ni kama maiti." Apiyo alijifuta uso kwa bega. "Mimi nikashikwa na kifua, nikaenda hospitali, nikamwachia dada ya mume wangu mtoto. Kurudi, mtoto hakuna. Nilitafuta wiki mbili, kwa miguu."

Hapo Tom aligeuza kichwa akamwona Mama Dorca. Kilio kilikatika. Akanyoosha mikono yote miwili, akajirusha kwake kwa nguvu zake zote, akitoa ile sauti ndogo ya furaha ambayo watoto humpa mtu mmoja tu. Mama Dorca akampokea kabla hajafikiri. Mtoto akaweka kichwa begani pake, akakohoa kidogo, akatulia.

Apiyo alibaki na bakuli la uji. Hakulia. Alimtazama tu mwanawe akiwa begani kwa mtu mwingine, na mama yake mzee, ndani, akaanza kulia kwa niaba yake.

Khaemba aliona kila kitu na hakuandika chochote. Neno moja la Mama Dorca lingetosha. Angeweza kusema: tazama, Inspekta, mtoto mwenyewe amechagua. Lilikuwa neno la kweli na alikuwa na haki ya kulisema.

Mama Dorca alisimama na mtoto begani kwa kitambo kirefu, akimpapasa mgongo. Kisha akamwambia Apiyo, "Geuka."

"Mama?"

"Nimesema geuka, nyara, binti yangu. Inama kidogo."

Akamweka Tom mgongoni mwa mama yake. Mtoto akaanza kulia upya. Mama Dorca akavuta leso, akaipitisha, akaifunga mwenyewe, mara mbili, kwa mikono iliyofunga watoto mia mbili. "Huwa halali chali. Mlaze kwa ubavu, wa kushoto. Uji wako una moto, ndio maana anakataa. Anataka wa vuguvugu, na maziwa kidogo. Atalia leo, atalia kesho, labda na kesho kutwa. Usiogope. Usimpe mtu mwingine ambebe akilia, unasikia? Mbebe wewe. Mpaka akujue."

"Nimesikia, Mama."

"Wewe ndiye mama. Mimi nilikuwa namshikia tu." Akamgeukia Inspekta, uso umekakamaa, machozi yanashuka na yeye hayafuti. "Mlalamikaji ni mimi. Sina malalamiko. Sasa andika. Andika kwamba Dorca wa Betania aliletewa mama mzima getini akamfukuza kwa sababu ya karatasi."

"Hilo si lazima liandikwe, Mama."

"Ni lazima. Nimeishika nyumba miaka kumi na tisa bila kuficha kitu, sitaanza leo. Andika na jina la Walter, umtafute umwulize alipata wapi hiyo maiti. Halafu turudi tukamtoe huyo msichana wa Murang'a. Mlango nitamfungulia mimi, si konstebo. Na hao wazee wanaotaka wageni wapande treni, waje waniambie mimi. Bweni halijafika kwenye paa."

Khaemba aliandika, akiwa amesimama, na akamsomea. Mama Dorca akatia sahihi juu ya boneti ya gari, herufi kubwa, jina zima. Nyuma yao Tom alikuwa akilia kwa sauti yake yote, na Apiyo alikuwa ameanza kutembea uani, kwenda na kurudi, akimwimbia. Mama Dorca alielekea gari bila kugeuka. Shingo yake ilitaka kugeuka, kila mtu aliona, na hakuiruhusu.

Alishika mlango wa nyuma, mahali alipokaa wakati wa kuja, pamoja na konstebo na gurudumu la akiba. Inspekta Khaemba akamzuia mkono. Tangu apewe nyota begani hakuwa amewahi kumpa mtu kiti chake katika gari la serikali, hata mkuu wa wilaya, na alikuwa akijisifu kwa hilo. Akafungua mlango wa mbele, kando ya dereva, akapangusa vumbi la kiti kwa mkono wa shati lake lililopigwa pasi.

"Kaa hapa, Mama," alisema, na yeye akazunguka, akapanda nyuma.